Sufuria, Sanduku na Siku Tatu za Ziada

(Umoja Innercore, orofa ya tatu, usiku, mwanzoni mwa Machi 2024. Stima imepotea, na stima ikipotea Umoja kila kitu huwa na maneno. Jiko ni dogo. Mlango wa friji ukifunguliwa, mtu hapiti. Kando ya mitungi ya maji ameegeshwa SANDUKU, wa kuazimwa kwa Mama Zuhura wa ploti ya pili, gurudumu moja halipo. Juu ya meko amekaa SUFURIA, mkubwa, mweusi chini, wa tangu harusi. Ukutani ananing'inia KALENDA wa buchari. Mezani pana daftari la shule ambalo si la mtoto yeyote. Mama Kevo amelala.)

SUFURIA: Karibu, mgeni. Unakaa ama unapita?

SANDUKU: Napita, shosho. Mimi huletwa wiki kadhaa kabla ya safari, narudishwa baada ya kudaiwa mara tatu.

SUFURIA: Na gurudumu liliendea wapi?

SANDUKU: Lilibaki Guangzhou. Nilikuwa na mama wa duka la Eastleigh, akanijaza jinzi mpaka zipu ikalia. Nimeenda pia Doha na Jeddah. Dubai ndiyo usiniulize, naijua mpaka mahali taksi zinapopanga foleni. Unguja nilienda na walimu.

SUFURIA: Basi mwenyewe nimekupata. Hebu funua hilo daftari. Tangu Krismasi naliona likiandikwa na kufutwa, kuandikwa na kufutwa, na mimi hapa nangoja unga.

SANDUKU: Safari si ya chama? Nilisikia chama kimelipa.

SUFURIA: Chama kimelipa pakeji. Alhamisi Kuu, tarehe 28, mpaka Jumatatu ya Pasaka. Hoteli ndani, gari ndani, kiamsha kinywa ndani, chakula cha jioni ndani, mwongozaji wa kubeba kibendera ndani. Kina mama kumi na wawili, tisheti za rangi moja, jina la chama mgongoni. Mkutano unaanzia uwanja wa ndege wa kule, wa Abeid Amani Karume; kufika ni shauri la kila mtu. Wenzake wanapanda ndege. Wetu anatangulia siku tatu, peke yake, kwa basi la Namanga mpaka Dar, kisha boti.

SANDUKU: Boti ni saa mbili tu. Hapo ana akili. Alichookoa kwenye ndege ndicho cha siku za ziada.

SUFURIA: Akili gani? Mtu amelipiwa chakula siku nne, anakwenda mapema kununua chakula siku tatu!

(Sanduku anafunua daftari kwa ncha ya kamba yake. Ukurasa umepigwa mistari kwa rula: Siku, Asubuhi, Mchana, Jioni, Bei. Mwandiko ni wa mtu aliyewahi kuwa karani wa kwaya.)

SANDUKU: "Jumatatu, tarehe 25. Asubuhi: chai na vitumbua, Darajani. Mchana: pilau ya Lukmaan, Mkunazini, pale penye mbuyu. Saa kumi: urojo. Jioni: Forodhani, pizza ya Zanzibar, mishkaki ya pweza, juisi ya miwa yenye tangawizi."

SUFURIA: Huyo ni mtu mmoja anayekula ama ni harambee?

SANDUKU: Ngoja. "Urojo: 3,000." Halafu amepiga mstari mwekundu na alama tatu za mshangao.

SUFURIA: Usiku huo nilimsikia. "Elfu tatu bakuli la supu ya bhajia! Mimi si mbunge!" Kevo ndiye aliyemwambia, "Mathe, hizo ni za Tanzania."

SANDUKU: Januari shilingi moja ya hapa ilikuwa inapata za kule kama 15 ama 16. Sasa ya hapa imepata nguvu, zinapita 17. Kila wiki urojo unashuka bei akiwa kitandani.

SUFURIA: Ndiyo sababu ya kufuta! Nilidhani ni mashetani. Endelea, Jumanne.

SANDUKU: "Jumanne. Mchana: The Rock, Michamvi Pingwe. Kambakochi." Lo.

SUFURIA: Lo nini?

SANDUKU: Hiyo ni hoteli ya kula iliyokaa juu ya jiwe, ndani ya bahari. Maji yakitoka, unaenda kwa miguu. Yakijaa, unapelekwa kwa mashua. Na iko pwani ya mashariki, kisiwa unakikata chote kutoka mjini. Hajaandika gari, hajaandika maji yatakuwa wapi saa saba, na meza lazima uiweke mapema. Ameandika "kambakochi" na kuipigia mstari mara mbili.

SUFURIA: Amepiga mstari kwa sababu amelifanyia neno hilo mazoezi. Akinisugua huwa ananisemesha. "Naomba kambakochi, tafadhali." Anabadilisha sauti. "Nitachukua kambakochi." Mara moja aliniuliza kama niko na meza ya watu wawili karibu na dirisha.

SANDUKU: Ukamjibu?

SUFURIA: Niko na masizi, nitajibu nini?

SANDUKU: Usimcheke, shosho. Wote niliowabeba wana ugonjwa huo. Dubai nilikuwa na mwalimu mkuu, mtu wa kutetemesha shule nzima. Kapewa menyu, weita amesimama na kalamu, jasho likamtoka. Akaonyesha kwa kidole kitu cha bei ya katikati. Ikaja bakuli ya mizeituni. Akaimaliza yote kwa heshima ya taaluma. Tangu siku hiyo, akisafiri, anaitafuta menyu kwenye simu wiki mbili kabla na kuisoma kama mtihani.

SUFURIA: Hapo ndipo naumia. Huyu mama nimemwona akiamua mambo mazito hapa jikoni. Ameuza gari la Baba Kevo, Baba Kevo akiwa ndani yake. Lakini kuna swali moja hajawahi kuulizwa katika nyumba hii tangu nilipotolewa kwenye karatasi ya zawadi.

SANDUKU: Lipi?

SUFURIA: "Utakula nini?" Hilo huuliza yeye. Akishauliza wengine wote, yeye hula kilichoshika chini yangu.

(Kimya kidogo. Friji linadondosha tone. Kimya hiki si cha huzuni. Sufuria anapenda kusifiwa kwamba ameona mengi.)

SANDUKU: Basi sasa unaelewa siku tatu. Siku za kikundi, mwenyekiti wa chama ndiye atakayeamua hata saa ya kwenda haja. Kibendera juu, dakika kumi za picha, ndani ya gari. Watapelekwa shamba la viungo, na mwisho wa Machi masika yameshaanza kunusa, watarudi na matope. Watapelekwa Changuu kuona kobe. Hao nawapenda. Wazee wao walitoka Shelisheli mwaka 1919, wanne, zawadi. Wanaletewa majani ya mchicha, wanakula, hakuna daftari.

SUFURIA: Lakini hata kama ni uhuru anatafuta, huu ni uhuru wa kupigiwa rula! Saa nne hiki, saa kumi kile. Na hapa Nairobi je? Makumbusho ya Taifa aliingia darasa la sita, tena kwa basi la shule. Simba wako kilomita kama saba kutoka katikati ya jiji, yeye huwaona akipita Mombasa Road wakiwa kwenye bango. Nyama choma ya Burma iko hapo tu karibu na City Stadium. Anaijua kwa harufu ya matatu.

SANDUKU: Nyumbani hakuna siku ya ziada, shosho. Nyumbani kuna siku ya kufua.

KALENDA: (Kwa sauti ya karatasi.) Samahani kuingilia. Ni kweli. Nimeangalia visanduku vyangu vyote vya Machi. Kwa kila Jumamosi ameandika "maji" au "matanga".

SUFURIA: Wewe nawe! Kumbe uko macho?

KALENDA: Stima ikipotea silali. Jumatano kuna nini?

SANDUKU: "Jumatano. Asubuhi: kuingia Beit al-Ajaib, kupanda mpaka juu. Mchana: biriani, mahali popote penye wenyeji wengi. Jioni: chakula juu ya paa, Hurumzi, kuketi kwenye mito." Ee Mungu. Nani kampa habari hizi?

SUFURIA: Binamu yake. Alienda fungate.

SANDUKU: Mwaka gani?

SUFURIA: Kevo alikuwa bado hajazaliwa.

SANDUKU: Jumba hilo alilijenga Sultani Barghash, mwaka 1883. Siku ya Krismasi mwaka 2020 upande mmoja ukaporomoka. Huingii, hupandi, unasimama nje kwenye uzio unaangalia mafundi. Na kuhusu mito ya Hurumzi, aende na sketi ndefu, maana kuinuka pale baada ya kushiba ni kazi ya watu wawili.

SUFURIA: Basi hilo la jumba tulifute. Mengine yako sawa?

SANDUKU: (Anasita.) Bwana Kalenda, soma tarehe 25 Machi.

KALENDA: Jumatatu. Kichwa cha mbuzi, maini, matumbo, tunaleta mpaka mlangoni.

SANDUKU: Siulizi matangazo. Kuna sikukuu gani hapo karibu?

KALENDA: Ijumaa Kuu, tarehe 29. Pasaka, 31. Hizo nimeandikiwa kwa rangi nyekundu, maana ni siku za watu kununua nyama.

SANDUKU: Na Ramadhani?

KALENDA: Mimi ni kalenda wa buchari, kaka. Mwezi wa watu kutokula mchana haukuniingia kwenye biashara.

SANDUKU: Nilijua. Shosho, keti vizuri.

SUFURIA: Mimi sina magoti, sema tu.

SANDUKU: Ramadhani ya mwaka huu inaanza wiki ijayo. Inaisha Aprili, baada ya Pasaka. Hizo siku tatu zote ziko katikati ya mfungo.

SUFURIA: Na Unguja...

SANDUKU: Unguja karibu watu wote ni Waislamu. Mchana mikahawa mingi ya wenyeji imefunga. Forodhani ni jioni, baada ya watu kufuturu. Hoteli za watalii zitampa chakula ndani, lakini kutembea mtaani ukitafuna kitumbua adhuhuri, hapana. Vitumbua vya Darajani asubuhi, futa. Pilau ya mchana, futa. "Mahali popote penye wenyeji wengi" mchana, hao wenyeji watakuwa msikitini au wamelala.

(Sufuria anaanza kucheka. Anacheka mpaka kifuniko kinagonga ukuta. Ni kicheko cha miaka ya kusuguliwa kwa waya.)

SUFURIA: Tangu Krismasi! Rula, wino mwekundu, kambakochi! Na wewe ulijua tangu uletwe?

SANDUKU: Mimi hubeba, sishauri. Tena nimetoka kwa Mama Zuhura. Nyumba ile Ramadhani inahesabiwa tangu Shabani. Nilidhani kila mtu anajua.

SUFURIA: Atalia.

SANDUKU: Pengine. Lakini hajui anachokaribia kupata. Walimu wangu walifika Ramadhani pia, kwa bahati mbaya kama hii. Mchana walinuna. Jua likazama, mji mzima ukafunguka kwa pamoja. Tambi, muhogo wa nazi, uji wa pilipili manga, kachori zinatoka kwenye mafuta, watu wasiowajua wanawaita barazani, "Karibuni futari." Hakuna aliyeuliza menyu. Mwalimu wa hesabu, mtu aliyekuwa akiandika kila senti, kalamu ilimpotea usiku huo.

SUFURIA: Na hakuweka meza mapema?

SANDUKU: Alipewa mkeka.

(Stima inarudi. Vyote vinanyamaza. Mama Kevo anaingia na leso kichwani, simu mkononi. Ujumbe wa Mama Zuhura umeingia: anaulizia sanduku kama limefika salama, na, kwa njia hiyo hiyo, kama anakumbuka kwamba tarehe zake ni za mfungo. Anausoma akiwa amesimama. Anausoma tena akiwa ameketi. Anasema neno moja ambalo kwaya hailiimbi. Kisha anachukua kifutio.

Sisi tunaopanga safari kwa daftari tungetarajia aahirishe, ampigie binamu wa fungate simu ya lawama, au aombe kurudishiwa nauli. Anafuta safu nzima ya Mchana, Jumatatu hadi Jumatano, anapuliza vumbi la raba, na mahali pa pilau, pa kambakochi na pa biriani anaandika neno lile lile mara tatu. Halafu anaandika jingine kwenye safu ya Jioni, bila bei, anarudi kulala.)

SUFURIA: Ameandika nini? Ameandika nini? Mimi sioni, niko juu.

SANDUKU: Jioni: "Futari." Mchana...

SUFURIA: Mchana?

SANDUKU: "Kulala."

SUFURIA: Kulala? Mchana? Huyu? Siku tatu?

SANDUKU: Ameipigia mstari mara mbili, kama kambakochi.

KALENDA: Sijawahi kuandikiwa hilo neno mchana.

SUFURIA: Mimi nataka kuona na Jumamosi ya kuondoka. Geuza ukurasa.

SANDUKU: (Anageuza.) Huu si wa Unguja. Huu ni mrefu zaidi. "Nyumbani. Jumamosi: maharagwe, kopo la kwanza, friza. Jumapili: Baba Kevo apashe ndengu, ASIONGEZE CHUMVI. Jumatatu: githeri, kopo la pili. Jumanne: sukuma imekatwa, iko kwenye karatasi. Jumatano..." Shosho, zimejaa mpaka Jumanne ya baada ya Pasaka. Kurasa nne. Unguja ilikuwa moja.

SUFURIA: Na nani anachemsha hayo makopo yote?

SANDUKU: Hapa juu pameandikwa: "Sufuria kubwa. Kuanzia Ijumaa, kila usiku."

SUFURIA: Kila usiku! Na yeye akalale mchana!

(Hatua tena kwenye kigae. Mama Kevo amerudi, usingizi umekataa. Anamimina kilo mbili za maharagwe ya nyayo kwenye sinia, anatoa mawe, anageuza bomba: maji yapo, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Hangoji Ijumaa. Anamshika Sufuria kwa masikio.)

SANDUKU: Shosho? Tulikuwa tunasema kuhusu gurudumu langu...

SUFURIA: Kijana, niache. Siwezi kuongea na maharagwe kinywani.