Sifa za Notisi ya Mwezi Mmoja

Nchi hii haina uchoyo wa sifa. Tunamsifu mchezaji aliyekosa penalti, tunausifu wali wa msibani, tunalisifu daraja saruji yake ikiwa mbichi. Lakini jijini Dar es Salaam kuna mfadhili mmoja ambaye hajawahi kuvishwa hata shada la maua ya plastiki, nami naona haya, maana amenifadhili mara nne. Ni notisi: ile karatasi inayokutaka, ndani ya mwezi mmoja, uondoke kwenye nyumba ya mtu.

Wapangaji wenzangu, msinizomee. Kaeni kwenye ndoo zenu mlizozigeuza viti, mnisikilize. Mkishamaliza kusikiliza, mtaendelea kufungasha.

Sifa yake ya kwanza ni kuheshimu maandishi. Nilikaa Tabata miaka mitatu, chumba na sebule, katika nyumba ya korido moja na bafu moja. Siku ya kwanza niliuliza habari ya mkataba. Mama mwenye nyumba akacheka kwa upole: "Mwanangu, mkataba wa nini? Sisi si ni watu tu?" Kodi aliihesabu mbele yangu, akalamba kidole, akaandika kwenye kaunta buku ambalo sikuwahi kuonyeshwa ndani yake. Nilipoomba risiti, aliniuliza kama namshuku. Bati lilipovuja nilimpelekea barua. Jibu lilikuja kwa mdomo, tena kupitia mjukuu, kwamba mvua ni neema. Nikaamini kwamba bibi huyu hajui kuandika.

Kumbe kuandika anajua! Siku ilipofika aliandika kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa darasani, kwenye karatasi iliyochanwa katikati ya daftari. Juu ameweka tarehe. Katikati, kwa herufi kubwa na mstari chini yake: YAH: KUHAMA. Na mwanzoni kabisa yamekaa majina yangu matatu, yote kamili, hata lile la babu ambalo sikujua kama analijua. Kwa miaka mitatu nilikuwa "mpangaji wa chumba cha pili". Notisi ndiyo iliyonirudishia jina. Hadi leo, ushahidi pekee nilionao kwamba niliwahi kukaa Tabata ni karatasi inayosema nisikae.

Msiidharau, ina ukoo. Mjomba wake ni ile alama ya X nyekundu inayopakwa ukutani, iliyotembea Kimara mwaka 2017 ili kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, nayo haikubagua mpangaji wala mwenye nyumba. Babu yake ni mkubwa zaidi. Aprili 1971 Serikali ilitaifisha majengo yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, hasa yale ya kupangisha, ikayakabidhi kwa Msajili wa Majumba. Mwaka huo notisi ilipita milango ya wapangaji ikaenda kumgongea mwenye nyumba, na wapo wazee mjini ambao mpaka leo wakiisimulia hupunguza sauti.

Baadaye walijitokeza watu wa kuionea wivu. Mwaka 1984 ilitungwa sheria ya kudhibiti kodi za pango, ikataka mpangaji asitolewe hivihivi mpaka iwepo sababu inayotambulika. Notisi ikafungwa kamba kama mbuzi wa kafara. Mwaka 2005 sheria hiyo ikafutwa, mbuzi akafunguliwa, na tangu hapo anakula bustani apendayo. Sitasema tumeachwa yatima. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaeleza kwamba pasipo makubaliano ya muda, notisi isipungue kipindi ambacho kodi hulipiwa. Mwanasheria mmoja wa kijiweni kwetu, ambaye chuo chake ni bao na kahawa, akanipigia hesabu: unalipa kwa miezi sita, basi notisi yako ni ya miezi sita. Nilibeba hoja hiyo kwa mama mwenye nyumba kama mtu aliyebeba mayai. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Na hiyo sheria, mwanangu, yenyewe imepanga wapi?"

Sifa ya pili: notisi ni fundi wa hadithi. Haiji mikono mitupu, huja na kisa. Mara ya kwanza, Mwananyamala, kisa kilikuwa mtoto wa mwenye nyumba anayeoa na anahitaji vyumba. Nilitoka kwa moyo mweupe, nikaacha na zawadi ya harusi. Miezi miwili baadaye nilipita pale nikamkuta bwana harusi kwenye chumba changu: ana mke wa umri wangu, watoto wanne, na anamlipa "baba yake" elfu thelathini zaidi ya nilizokuwa nalipa mimi. Mara ya pili kisa kilikuwa ukarabati, na kweli ulifanyika, kwani mlango ulipakwa rangi. Mara ya tatu ilikuwa mirathi: ndugu wamekaa kikao, nyumba inauzwa. Miaka sita sasa ndugu hao bado wamo kikaoni, na nyumba imejaa wapangaji.

Ndiyo maana nawaheshimu waliokuwa wakazi wa Magomeni Kota. Hao waliambiwa wapishe, wakatawanyika mjini kwa miaka, na Machi 2022 kaya 644 zikafunguliwa maghorofa mapya palepale zilipotolewa. Nimewahi kumsimulia dalali mmoja kisa hicho, akakiita hadithi ya Abunuwasi.

Sifa ya tatu ni hesabu. Shuleni nilipata alama za kuchekesha, lakini notisi imenifanya mhasibu. Tazameni. Chumba na sebule kinachofanana na nilichotoka ni shilingi 150,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba hapokei mwezi, anapokea miezi sita: 900,000. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja: 150,000. Kirikuu cha kubeba vyombo ni 60,000, na dereva wake habebi chochote, anatazama tu. Jumla 1,110,000, kabla sijanunua kitasa kipya, kwa sababu funguo za zamani wanazo wapangaji watatu waliotangulia. Fedha hizo zipatikane ndani ya siku thelathini, kwa mtu anayelipwa mwisho wa mwezi. Hebu angalieni uwiano huo ulivyo mzuri: anayepata mshahara kwa mwezi anadaiwa miezi sita, na aliyekwisha kupokea miezi sita anatoa mwezi mmoja. Hata Pythagoras angeomba apewe muda.

Kwa upande mwingine, notisi hiyohiyo imenitua mzigo. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye umeme wa LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Mita ilikuwa chumbani kwangu, hivyo kila niliponunua umeme nilimlipia mama yule kodi ya jengo lake. Niliposoma YAH: KUHAMA nilijua kwamba utumishi wangu serikalini umefika ukingoni.

Sifa ya nne ni jiografia. Waswahili wanasema mtembea bure si sawa na mkaa bure, na hakuna mtembea bure kama mtafuta nyumba. Kabla ya notisi nilidhani Dar es Salaam inaishia Gongo la Mboto. Sasa nimefika Kivule, Chanika, Goba, Madale, Bunju na Chamazi. Nimevuka na pantoni kwenda Kigamboni kuona chumba kilichokuwa kimechukuliwa wakati tunavuka. Nimeona mashamba ya mihogo yaliyoanza kuitwa mitaa. Kila niendapo nalipa elfu kumi ya kutembezwa, hata pale ambapo dalali naye ni mgeni na ananiuliza njia.

Pamoja na jiografia nimepewa lugha mpya, Kiswahili cha madalali, ambacho Bakita hawajakifikia. "Dakika tano toka barabarani" ni dakika tano za bodaboda, bila mvua. "Maji yapo" maana yake yapo, kwa jirani. "Choo cha ndani" ni kilichomo ndani ya fensi. "Mtaa umetulia, bosi" ni kwamba umeme haujafika. "Kuna jipsamu na aluminiamu" ni kwamba utazame dari na madirisha, usitazame sakafu. "Mwenye nyumba hakai hapa" ni kweli tupu: anayekaa hapo ni shangazi yake, na kiti chake kinatazama mlango wako.

Hotuba ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969 ilitufundisha kwamba kupanga ni kuchagua. Yeye alikuwa na Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano. Mimi nilikuwa na chumba na sebule. Lakini somo lilinikaa. Nilichagua kati ya nyumba yenye maji isiyo na barabara na nyumba yenye barabara inayojaa maji. Nilichagua kati ya kulipa kodi na kulipa nauli ya magari matatu. Nilipokwisha kuchagua, dalali alinipigia simu kuniambia imeshachukuliwa.

Sifa ya tano: notisi hukunyenyekeza. Mtu anaweza kuwa msimamizi wa idara, akaitwa mheshimiwa kwenye kikao cha harusi. Mpe notisi, mkute siku ya Jumapili amevaa shati la kanisani, ameketi kwenye kigoda, anasailiwa na ajuza anayechambua dagaa. Unafanya kazi gani? Unarudi saa ngapi? Mna friji? Mnapiga pasi? Maharage mnachemshia umeme au mkaa? Hapo jibu ni moja, "Mkaa, mama," hata kama wewe ni mhandisi wa umeme. Swali kubwa huja mwisho: watoto wangapi? Nyumba ya kwanza nilisema watatu, tukaagana. Ya pili nikasema wawili, akasema atanipigia. Ya tatu nikajikuta nikisema ni mmoja, na huyo mwenyewe yuko kwa bibi yake. Mama watoto alinitazama kama mtu aliyefiwa mara mbili kwa mkupuo. Hata hivyo tulikuwa na heri. Dada mmoja niliyemkuta anatafuta kama mimi, mwalimu, ana kazi na fedha mkononi, alikuwa amekataliwa nyumba tano kwa kosa la kutokuwa na mume wa kuonyesha.

Ya sita nitaitaja kwa sauti ya chini: notisi huonyesha nani ni nani. Kundi letu la michango lina watu zaidi ya mia. Nilipotangaza kwamba Jumamosi nahama, zilikuja alama za dole gumba sitini na nne. Waliokuja wenyewe ni wawili: muuza mkaa wa kona, na jirani wa chumba cha tano ambaye tulikuwa hatusemezani mwaka mzima kwa ajili ya foleni ya bafu. Alilitwika godoro letu kichwani bila neno. Alipolishusha akasema, "Mimi yangu inaisha mwezi wa tisa." Tukapatana hapohapo.

Na chini ya kitanda, kilichoingia kwa urahisi lakini siku ya kutoka kikagoma mlangoni, tulikuta kadi ya kliniki ya kitinda mimba, hereni moja iliyowahi kuvunja amani ya nyumba kwa wiki nzima, na funguo za Mwananyamala.

Nimalizie na kilimo. Wapangaji hatupandi miembe. Mwembe unataka miaka, na mnazi ndiyo kabisa, ule ni mti wa mirathi. Ukitaka kumjua mwenye nyumba na mpangaji, usiulize hati, tazama alichopanda. Sisi ni watu wa mchicha na pilipili, na mwenye tamaa sana hupanda mpapai, kwa sababu mpapai huzaa ndani ya mwaka. Mimi nilikuwa na tamaa. Niliupanda nyuma ya bafu kule Tabata, nikaumwagilia maji ya kuogea. Asubuhi ya kuhama ulikuwa na mapapai saba, yote mabichi. Mwanangu wa kati aliyahesabu kwa kidole, akayahesabu tena, akauliza kama mti nao tumeulipia miezi sita.

Tulipata nyumba Kivule. Mwenyewe ni mzee mmoja mpole. Alihesabu fedha, akasema, "Karibuni, wanangu, hapa ni kwenu." Mkataba sikuuliza. Nilipozunguka nyuma kutafuta pa kuanika nguo nikaukuta: mpapai, mrefu kama kijana wa darasa la saba, papai la chini limeshageuka njano.

"Mzee, huu aliupanda nani?"

"Ah, yule bwana aliyekuwa hapo kabla yako," akasema. "Alikuwa mtu mzuri sana. Nilimpa notisi."

Tulilikata jioni ile, vyombo vikiwa bado kwenye maboksi. Lilikuwa tamu. Watoto walilamba mpaka ganda. Mbegu nilizikusanya, nikazisuuza, nikatafuta kitu cha kuzianikia, na karatasi iliyokuwa karibu ni moja tu. Nikaitandaza dirishani, upande wa maandishi juu, nikazipanga mbegu mojamoja kuanzia kwenye YAH mpaka kwenye sahihi.