Ombi la Lori la Mboga

Kwa Idara ya Askari wa Jiji, Nairobi.

Wakazi wa Mukuru, Mathare na Kibera wanaipongeza Idara kwa bidii yake. Mama mboga ametoka Marikiti alfajiri, hajamaliza kupanga mafungu ya nyanya, na tayari vijana wa kanjo wameruka kutoka kwenye lori, wamebeba sukuma, meza na mwavuli.

Kwa kuwa lori hilo huzoa mboga bila kulipa hata shilingi, wakazi wanaomba likamilishe kazi: jioni lirudi mtaani kuziuza. Askari wafundishwe kukata sukuma nyembamba, maana anayerudi kutoka kibaruani usiku hana nguvu za kuchambua majani. Wauze ya kumi na ya ishirini, kwa kuwa supamaketi haijui nusu kitunguu. Dereva awe na daftari la madeni, ajue nani hajalipwa wiki hii na nani anauguza mtoto, kisha aongeze dania bila kuombwa. Rungu lisiachwe kituoni. Litafaa kutwangia kitunguu saumu.

Pili, spinachi iliyokamatwa Jumatatu ifikishwe mahakamani ikiwa bado kijani. Tatu, kila kabeji itolewe risiti.

Idara isidhani wakazi hawajui sheria. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaofaa. Mwaka 2015 kaunti ilitunga hata sheria ya kukuza kilimo cha mjini, na Kibera watu hupanda sukuma kwenye magunia milangoni. Kuipanda ni maendeleo. Kuiuza hatua chache kutoka hapo ni kosa. Katika kampeni za 2022 mama mboga alisifiwa jukwaani. Kura zilipohesabiwa, akarudi kukimbizwa.

Nyanya zikikanyagwa kwa buti la serikali, hakuna usafi wa jiji unaolindwa. Kuna watoto watakaolala na ugali kwa chumvi, na aliyekanyaga analipwa kwa kodi ya mama zao.

Idara iwawie radhi. Aya hiyo iliandikwa saa ya chakula cha mchana, ambacho hakikuwepo.

Majibu yaachwe kwa mama mboga aliye karibu. Asipoonekana kibandani, Idara inajua ilikompeleka.