Mguu wa Mfalme

Mwaka 1701 Hyacinthe Rigaud alimchora Louis wa 14, mfalme wa Ufaransa, akiwa na umri wa miaka 63. Mtazame, ila anzia miguuni. Mwenyewe ndivyo alivyotaka. Joho zito la buluu, lililojaa maua ya dhahabu, limetupwa begani makusudi ili mguu upate kuonekana. Soksi nyeupe zimebana, paja limenona, kisigino chekundu. Mguu wa kijana wa ngoma! Na kweli ujanani alikuwa mcheza baleti hodari, lakini kufikia siku za picha hiyo alishakuwa mgonjwa wa jongo.

Juu ya mguu huo wa kijana kuna uso wa babu: mashavu yamebonyea kwa pengo la meno, na wigi limepanda kama kichuguu. Fimbo ya enzi ameigeuza kichwa chini, anaiegemea kama mkongojo. Taji liko pembeni, juu ya mto, watu wasije wakasema anajishaua. Kiunoni kuna upanga unaosemekana ni wa Charlemagne, mfalme wa kale. Ukikosa nguvu zako, azima za marehemu.

Picha ilikusudiwa iwe zawadi kwa mjukuu wake, mfalme mpya wa Hispania. Mzee alipoiona, akajipenda, akabaki nayo.

Rangi haikumsaliti hata siku moja. Mwaka 1715 mzee akafa kwa donda ndugu. La wapi? La mguuni.