Mashini Imewaka, Kioo Kimekataa

Mzee mmoja aliisogelea kompyuta yangu, akainama, akajiona, akaweka kofia yake sawa, kisha akarudi kukaa kwenye benchi. Hiyo ndiyo kazi pekee ambayo mashini ile iliwafanyia wazazi wa shule yetu hapa Minembwe juma hili, na mpaka leo nikipita sokoni kuna wanaonigusia kofia.

Nilikuwa nimetangaza kwamba orodha ya michango ya mabati wataiona kwa macho yao wenyewe. Nikabonyeza. Taa ya pembeni ikawaka, feni ikavuma, kioo kikabaki cheusi tii. Ushauri ukaanza kumiminika. Fundi wa pikipiki akasema ipigwe kiki. Mama mmoja akasema imeshikwa na baridi, ifunikwe kitenge, na huyo hakuwa mbali na ukweli: tuko juu ya mita 2,000, na mashini iliyolala kwenye baridi ukiileta ghafla karibu na mbabula, jiko letu la makaa, unyevu wa hewa hugeuka matone juu ya nyaya zake.

Mimi nikafuata utaratibu. Unachomoa waya wa chaji, unatoa betri kama inatoka, unashikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili umeme uliojificha ndani uishe, kisha unawasha upya. Sekunde 30 mbele ya wazazi waliokaa kimya ni ndefu kuliko ibada ya Pasaka. Kioo, cheusi. Nikabonyeza kitufe cha herufi kubwa, kitaa chake kikawaka na kuzimika kila nilipokigusa. Hapo moyo ukanidunda, maana mashini iliyokufa haijibu. Hii ilikuwa inafanya kazi yake yote gizani.

Na hapa niwaombe uvumilivu, kwa sababu jambo hili limeninyima usingizi. Kioo cha kompyuta kama yangu hakitoi mwanga! Kimejaa fuwele za kimiminika, na kila doa lake ni kidirisha kinachofunguka na kufungika. Mwanga wenyewe unatoka kwenye taa nyembamba zilizopangwa nyuma. Aliyeziona fuwele hizo kwanza, mwaka 1888 huko Prague, ni mtaalamu wa mimea, Friedrich Reinitzer, na alikuwa akichunguza kolesteroli ya karoti. Karoti! Akapasha moto unga alioutengeneza kutokana nayo, ukayeyuka kwenye nyuzi 145.5 ukawa uji mzito wenye ukungu, kisha kwenye nyuzi 178.5 ukayeyuka mara ya pili ukawa mwangavu. Kitu kinachoyeyuka mara mbili! Angekuwa jirani yangu, angeambiwa apeleke hizo karoti jikoni.

Basi taa za nyuma zikizimika, picha bado ipo, ila haionekani. Ukimulika tochi kwa upande, karibu kabisa na kioo, utaiona imefifia. Kijana anayechaji simu za watu kwa pano ya jua alilijua hilo. Akaja na tochi yake, akainamisha kichwa, akasema, “Haiyakufa, Mwalimu, iko inalala tu.” Kisha akaanza kusoma kwa sauti, jina kwa jina, nani amelipa bati na nani bado. Jina la kwanza upande wa wasiolipa lilikuwa la mzee wa kofia.

Wazazi wakakubaliana kwa kauli moja kwamba mashini imekufa kabisa, kijana azime tochi.

Kila mwongozo wa matatizo haya unamalizia kwa maneno yale yale: mwone fundi aliye karibu nawe. Karibu! Fundi wangu yuko Baraka, chini kule ziwani. Barabara ni tope, na tangu 2017 vijiji vingi vya nyanda hizi vimechomwa, watu wamehama na watoto wao mgongoni. Mwaka huohuo watafiti walihesabu vizuizi karibu 800 katika barabara za Kivu zote mbili, na kila kizuizi kinajua kufungua mkono. Nchi ina Inga, mabwawa mawili ya umeme tangu 1972 na 1982, na waya wake unavuka vijiji vyenye giza kwenda kwenye migodi ya Katanga. Sisi huku tunasubiri ukungu uondoke ili pano ipate jua. Hapo sicheki.

 

Kompyuta ilishuka Baraka kwa pikipiki, imefungwa ndani ya blanketi. Fundi akafungua kioo, akasukuma waya mmoja uliolegea kwenye bawaba, mwanga ukarudi kabla sijamaliza kunywa soda. Wakati wa kurudi, kwenye kizuizi cha mwisho, waliokisimamia walilifungua lile blanketi, wakaiwasha kompyuta, wakaona inawaka vizuri, wakanitoza ada ya abiria wawili.