Ukitaka Kuweka Linux Kwenye Amiga, Anza na Bisibisi

Hongera. Umeipata Amiga 500 kwa bei ya kutupwa, boksi lake bado zima, na tangu jana unatangaza kwamba utaiwekea Linux. Kaa kwanza, unywe maji.

Amiga 500 ilitoka mwaka 1987 ikiwa na prosesa ya Motorola 68000 na kumbukumbu ya kilobaiti 512. Kuendesha programu kadhaa kwa mpigo inaweza, na mfumo wake wenyewe unafanya hivyo bila kujivuna. Ila programu hizo ni wapangaji wa nyumba isiyo na milango: mmoja akiteleza anaangukia chumbani kwa mwenzake, nawe unaletewa Guru Meditation, maandishi mekundu ndani ya fremu inayowaka na kuzima. Linux haipangi nyumba ya namna hiyo. Inataka kila programu iwe na chumba chenye komeo, na fundi wa makomeo ni kitengo cha kusimamia kumbukumbu, MMU. 68000 haina. Iongezee megabaiti uzitakazo, bado haina.

Utasema basi nitachukua Amiga 1200 ya mwaka 1992. Ile ina 68EC020. Nayo haina.

Hapo ndipo muuzaji anapokutolea kadi ya kuongeza kasi: “Hii 030, megahezi 50!” Hasemi uongo. Shida ni kwamba 68030 ina MMU ndani, lakini Motorola walitoa pia nduguye wa bei nafuu, 68EC030, anayekimbia vilevile, anayecheza michezo ileile, na hana MMU. Tofauti ni herufi mbili. Fungua kifuniko, washa tochi ya simu, futa vumbi kwa kidole, usome mgongo wa chipu. Ukikuta EC, rudisha kifuniko taratibu, uendelee na michezo. Ukikuta stika imebandikwa juu ya herufi, tochi ilikuwa kazi bure, jibu unalo.

Wala ukubwa wa kasha usikulaghai. Amiga 4000, mashine ya wakubwa, nayo iliuzwa pia na 68EC030. (LC kwenye 68LC040 ni habari nyingine: hapo MMU ipo, kilichoondolewa ni kitengo cha hesabu za desimali. Nani aliwashauri kuhusu majina, sijui.)

Unayoitafuta ni Amiga 3000 ya mwaka 1990. Ina 68030 kamili, na Commodore, watengenezaji wa Amiga, wenyewe waliiuza kwa jina la 3000UX ikiwa na Unix System V, iliyopakiwa kutoka kwenye tepu. Ukiipata, Linux isubiri kidogo. Betri ya saa imechomelewa kwenye bodi, na ikizeeka huvuja maji yanayokula njia za shaba mpaka zigeuke kijani. Muuzaji akikuapia kwamba mashine inawaka, mwombe picha ya kona ya betri kabla hujatuma hela.