Dakika Tatu za Kulia

Vijana wetu hapa Kismayo wanafundishwa kusimulia. Si paukwa pakawa, la. Unasimama mbele za watu unaeleza habari za maisha yako kwa dakika tatu: mwanzo wa kushtua, katikati machozi, mwisho matumaini. Mkufunzi ana kengele. Dakika ya tatu ikikatika anaigonga, hata kama mashua yako ingali inazama.

Mimi nimealikwa kama mwalimu mwenyeji. Kazi yangu ni kupanga viti na kunyamaza. Viti nimeviweza.

Juzi kijana mmoja alisimama akaeleza babu yake wa kisiwa cha Chovai alivyokuwa akivua kasa kwa taza. Taza, kwa msiokulia pwani, ni yule samaki mwenye kinyonyeo kichwani. Anafungwa uzi mkiani, anaachiwa majini, akimwona kasa anamganda gambani. Hapo mvuvi anavuta taratibu, kwa adabu. Kijana alikuwa akionyesha kwa vidole fundo linavyokaa mkiani, na ukumbi mzima shingo ndefu. Kengele ikalia.

“Vizuri,” akasema mkufunzi, “lakini wewe ulijisikiaje?”

“Mimi sijazaliwa wakati huo, mwalimu.”

Akaambiwa akatafute hadithi yake mwenyewe. Kesho yake akaja na mbuzi aliyepotea, akalia kidogo, akapigiwa makofi mpaka nje. Nilimuuliza pembeni. Kwao hawajafuga mbuzi.

Haya ndiyo yanayoniudhi. Mbajuni, mtu wa pwani hii na visiwa vyake, hajakosa mazoezi ya kujieleza. Baada ya vita vya Somalia vya 1991 watu wa visiwani walitawanyika, wengi wakaishia kambi ya Jomvu, Mombasa. Waliofika Uingereza kuomba hifadhi walikalishwa mbele ya maafisa wakaulizwa habari za visiwa, za samaki na za kabila, wathibitishe kwamba wao ni wao. Wapo ambao sauti zao zilirekodiwa zikachambuliwa na kampuni ya Sweden, kupima kama Kibajuni chao ni cha kweli. Mzee aliyezaliwa kisiwani Koyama anasahihishwa lafudhi kutoka Stockholm! Na kwa nilivyosikia kwa waliopitia, ukisita unadanganya, ukitiririka umefunzwa.

Sasa tumeletewa mtu wa kutufunza kutiririka.

Sisemi mafunzo yote ni bure. Wasichana waliokuwa wakinong'ona sasa wanasikika hadi safu ya nyuma, na hilo nalipokea kwa mikono miwili. Ila “mimi, mimi, mimi” kwa dakika tatu, huku babu mzima akitolewa nje kwa kuwa hana hisia za kutosha, hilo silipokei.

Basi wafadhili wa mafunzo haya, nawaomba: awamu ijayo kengele iacheni hotelini, mlete mafuta ya mashine. Wazee wanaojua habari ya taza wako ng'ambo visiwani, na mashua haiendi kwa makofi.