Nilivyoitukana Kericho kwa Hesabu

Lori la majani chai lilikuwa limekwama topeni huko chini, na foleni yetu kwenye kituo cha kupimia majani ilikuwa imemaliza watu wa kusengenya. Mimi nina ugonjwa: nikikaa bure, natafuta namba ya kuchokoza. Siku hiyo nikaichokoza 901,777, idadi ya watu wa Kaunti ya Kericho kwa sensa ya Agosti 2019. Zile saba tatu mkiani zilikuwa zikinikonyeza tangu zamani.

Nikaketi juu ya gunia langu, nikageuza risiti ya kilo za jana, nikaanza kugawa. Mbili haiingii, namba ni witiri. Tano hata haibishi hodi. Kwa tatu hujisumbui kugawa: jumlisha tarakimu zote, unapata 31, na tatu haimo. Saba yenyewe, pamoja na ndugu zake watatu kusimama mlangoni, ikabakisha 2. Nafuu ni kwamba 950 mara 950 tayari inaipita 901,777, kwa hiyo kigawo kisipopatikana chini ya hapo, hakipo. Shida ni kwamba chini ya hapo kuna namba tasa 161 za kujaribu, na kalamu yangu ilikuwa inakohoa.

Nilipovuka mia tatu bila chochote, nikaropoka: "Kumbe Kericho ni tasa!"

Foleni ikanyamaza. Bibi mmoja mbele yangu, Kogo kama tunavyowaita huku, mwenye wajukuu wasiohesabika, akageuka polepole. "Umesema nini, kijana?"

Nikaeleza kwamba tasa ni namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Akauliza mama yangu ni nani.

Nikarudi kwenye risiti kwa bidii ya mshtakiwa anayejitetea mwenyewe. 433, 449, 461, 463, wapi! Halafu 467, namba tasa ya 91 tangu nianze na mbili, ikaingia mara 1,931 bila masalio. Yaani watu wa Kericho wa sensa ile wangetaka kujipanga makundi sawasawa, asibaki mtu, ni makundi 467 ya watu 1,931, au kinyume chake. Ukiacha kila mtu kusimama peke yake au wote kurundikana pamoja, njia nyingine hakuna.

"Kogo, si tasa! Inao wawili!"

Uso ukamkunjuka. Akawageukia wenzake, wakacheka, nikapewa hata hindi la kuchoma. "Na hao wawili," akauliza, "nao wamejaliwa?"

Mtu mwenye akili angetafuna hindi lake.

"467 ni tasa," nikasema. "Na 1,931 pia."

Lori ndilo lililoniokoa. Zamu yangu ilipofika, karani akatia mkono guniani, akautoa upesi kama aliyegusa sufuria. Majani yakishindiliwa hupata joto na kuwa mekundu, na mimi nilikuwa nimeyakalia kwa muda wa namba tasa 91. Kilo 23, zote zikakataliwa.

Nikazibeba kurudi nazo nyumbani, Kogo akinitazama. Sikusema 23 ni namba ya aina gani.